Kilio Ndani ya Hangari

Baba yangu alifanyiwa kilio mara mbili, na mara ya kwanza alikuja mwenyewe kwa miguu. Watu wakinisikia nikisema hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana mwanzo wake kweli unachekesha. Mimi sikucheka siku ile.

Kwetu Bukavu mtu akifa, matawi ya mgomba huwekwa kando ya njia, turubai hufungwa, viti huletwa kutoka parokia, wanawake hukaa kwenye mikeka na wanaume huwasha moto. Kuanzia hapo mpaka mkubwa wa familia amwage maji juu ya moto ule, mahali pale hapaguswi. Mwenye nyumba hafukuzi mpangaji. Hata polisi mwenye karatasi mkononi atavua kofia, atasema pole, na kuahidi kurudi. Mimi nafundisha uchoraji wa ufundi, kazi ya rula na kipimo, si mtu wa kumeza kila kinachosemwa. Lakini hilo la moto sikuwahi kuona mtu akilivunja.

Hangari ambamo kilio kilifanyika iko chini ya mtaa wa Nguba, kwenye bandari ya zamani, pale maboti ya kisiwa cha Idjwi yanaposhusha mananasi na ndizi. Wazungu waliijenga kwa ajili ya kutengeneza meli: kuta za matofali, nguzo za chuma, paa refu, na reli mbili zinazotoka kwenye mlango mkubwa na kuzama ziwani. Meli ilivutwa juu ya reli hizo kwa winchi ya mkono mpaka ndani, ikabandikwa mabati mapya tumboni, ikarudishwa majini. Chuma cha mle hakikulehemiwa. Kiliunganishwa kwa riveti, misumari minene isiyo na ncha, iliyopashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikapenyezwa tunduni na kugongwa kabla haijapoa. Mtu mmoja alikuwa nje akigonga. Mwingine alijikunyata ndani ya tumbo la meli, gizani, akikishikilia kichwa cha riveti kwa chuma kizito, na mshindo wote ukamwingia masikioni.

Yule wa ndani alikuwa baba yangu. Alitoka kwenye kazi hiyo bila kidole kimoja cha mkono wa kushoto na bila masikio. Kampuni ya meli ilipoondoka pasipo kuaga, yeye hakuondoka. Kila Jumapili baada ya misa alivaa abakosi yake, lile koti la enzi za Zaire linalovaliwa bila tai, akashuka bandarini na kuizunguka hangari, akiweka kiganja kwenye nguzo moja baada ya nyingine. Alisema kupitia chuma anasikia maboti yakigonga gati. Mama, alipokuwa hai, aliionea hangari wivu waziwazi. "Afazali ingekuwa mwanamuke," alizoea kusema, "ningeenda kumupiga."

Miaka ikapita, popo wakahamia darini, na wauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wakahamia chini, kwa sababu paa lile, pamoja na matundu yake, ndilo pekee bandarini linalomfunika mtu mvua ikija. Ni hao wanawake walionifuata shuleni siku uvumi ulipoanza kwamba ufuko umeuzwa. Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara tuliyemwita patron, na alikuwa na karatasi kutoka Kinshasa. Alitaka kukata chuma akiuze kama chakavu, kisha ajenge hoteli. Sisi tuliandika ombi mkoani kwamba jengo lile lihifadhiwe. Nilichora hangari yote, nguzo kwa nguzo, nikiwa nimepanda ngazi ya kuazima huku popo wakinitukana kwa lugha yao. Jibu likaja: tume ingefika Jumatatu kutazama. Ikikuta jengo limesimama, ina uwezo wa kuzuia kazi yoyote. Ikikuta matofali chini, itaandika kwamba imekuta matofali.

Patron naye aliijua Jumatatu hiyo. Alhamisi watu wake wakapaka msalaba mwekundu kwenye ukuta wa mbele, ule msalaba ambao kila mtu mjini anaujua, maana unasema hapa patabomolewa.

Jioni ile baba alirudi nyumbani, akakaa kitini bila kuvua koti. Mimi aliniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mama," alisema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "mie nilijuaka ile hangari njo itanizika. Sasa njo mie nitaizika?"

Nilimwekea bugali mbele, akaitazama mpaka ikapoa. Nilikasirika usiku mzima, nikimkasirikia patron, karatasi zake, na hata popo.

Ijumaa nilikuwa darasani, chaki mkononi, simu ilipotetemeka mfukoni. Alikuwa Maman Prezida, mkubwa wa wauza sambaza, mwanamke mpana wa mwili na wa sauti.

"Madamu, shuka mbio ku bandari. Kuko kilio."

"Kilio ya nani?"

Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupatikana. Nilitoka bila kuaga wanafunzi, nikapata pikipiki pale Nyawera, nikamwambia dereva ashuke kama anakimbizwa. Kuanzia njia panda nikaona matawi ya mgomba, mabichi, yametoka kukatwa. Muuza mkate mmoja anayenifahamu aliinua mkono. "Pole sana, madamu," alisema, "ju ya muzee."

Ju ya mzee. Asubuhi nilikuwa nimemwacha akinyoa ndevu. Nilijaribu kukumbuka kama nilimuaga, na sikukumbuka.

Mbele ya hangari kulikuwa na lori, na juu ya lori chupa za gesi za kukatia chuma. Wanaume wenye nyundo na mitaimbo walikuwa wamekaa chini, kofia mapajani. Kapita wao, msimamizi wa kazi, mtu mrefu mkavu mwenye koti la mvua, alinijia na kunipa mikono yote miwili.

"Pole, maman. Mie natokaka kule Kasha, simujuaka marehemu. Tulikuya na kazi, tukakuta kilio. Tutangoja."

Niliingia ndani. Picha ya baba ilikuwa juu ya meza, ile ya ujana wake, kaptura na nyundo begani, mishumaa miwili kando. Nilimpa mwenyewe Maman Prezida picha ile tulipokuwa tukiandaa ombi letu. Wanawake walikuwa wakilia kwa nguvu zote. Maman Prezida alinirukia shingoni, akanibana, akapiga yowe lililowaamsha popo, na katikati ya yowe akaniwekea mdomo sikioni.

"Muzee iko muzima. Iko ku nyumba. Lia, madamu, lia, kapita anatuangalia."

Nililia. Sijawahi kulia vizuri kama siku ile, kwa furaha kwamba yu hai na kwa hasira ya kutaka kumnyonga yule mwanamke, vyote vikitoka kwa macho yaleyale. Nilipoweza kusimama nilimvuta nyuma ya winchi.

"Nani alikupa ruhusa ya kumuua papa yangu?"

"Ningefanya je? Balikuwa tayari kushusha machupa. Mie sina karatasi, sina polisi, sina mukubwa ku Kinshasa. Niko na kilio tu."

"Si ungelia mume yako!"

"Yangu alishakufa, batu yote banajua," alisema bila hata kutabasamu. "Ni mupaka Lundi tu, madamu. Komisyon ikuye, moto izimwe, muzee afufuke."

Sasa niseme wazi, niliogopa. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwita kwa jina mahali asipopaswa kwenda, hilo nimekua nalo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ningeweza kutoka nje hatua chache, nimwambie kapita ukweli, na baba angebaki hai kwa midomo ya watu wote. Kisha wangeshusha chupa zao. Nilisimama pale nikitazama mlangoni, nikaona kivuli cha mtaimbo wa mmoja wao kimeegemea ukuta, nikamsikia baba akiuliza kama ni yeye atakayeizika. Nikaenda kukaa kwenye mkeka.

Kumweleza marehemu habari za kifo chake ilikuwa kazi nyingine. Nyumba yetu imebanana na za majirani, na baba hakusikia bila kupigiwa kelele. Nilifunga mlango, nikatoa chaki mfukoni, nikaandika juu ya meza: UMEKUFA. USITOKE MPAKA JUMATATU. Chini yake nikaandika sababu. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Hangari iko inasimama?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi nilikufa muzuri," alisema, akaifuta meza kwa mkono wa shati.

Shida ya uongo wa kilio ni kwamba una miguu. Jumamosi asubuhi walianza kuteremka watu ambao hakuna aliyewaita: wa parokia, wazee waliofanya kazi na baba, binamu kutoka Kabare wakiwa na unga. Kila mmoja alinikumbatia na kulia machozi ya kweli, nami nikayapokea kwa uso wa mwizi. Mchana akafika baba mdogo kutoka Walungu, mdogo pekee wa baba aliyebaki, amebeba dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, begani, macho yamevimba. Huyo sikuweza kumdanganya. Nilimshika mkono, nikampandisha nyumbani bila kusema neno.

Alimkuta kaka yake anakula maharage.

Baba alifurahi kumwona. Alisimama, mikono wazi. Baba mdogo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, akateleza akakaa sakafuni, dumu bado begani. Nilipomaliza kumweleza, aliliweka dumu chini.

"Nililia ndani ya lori njia muzima," alisema. "Batu bananishika, mie nalia. Kumbe munacheza. Munacheza na kifo ju ya mabati."

"Papa, ni mupaka Lundi tu."

"Mie sitakaa ku kilio ya mutu anakula."

Alibaki nyumbani, akampa baba mgongo, na kasiksi hakuna aliyeigusa. Nilirudi bandarini nikiwa na wasiwasi wa namna mbili. Nje kapita alikuwa anapigiwa simu kila mara. Alikuwa akisogea kando, akisikiliza, akisema "ndiyo patron, kilio ingali, patron". Watu wake walikuwa wamechoka kukaa. Wanawake walikuwa wanawapelekea bugali na sambaza kila walipopika, maana mtu akiwa kwenye kilio analishwa, hata kama amekuja kuvunja nyumba. Kapita alikula pamoja nao. Kila akimaliza alisema asante kwa marehemu.

Jumapili ilikuwa siku ya baba ya hangari. Nilipaswa kulikumbuka hilo. Nilikuwa nimekaa karibu na meza ya picha wakati wimbo wa wanawake ulipokatika katikati, kama mtu aliyekabwa, na nilipoinua macho nilimwona marehemu akija kati ya viti, amevaa abakosi yake, kofia mkononi, anasalimia kulia na kushoto. Kwake kufa hakukuwa sababu ya kutosha ya kukosa kuja.

Maman Prezida alikuwa wa kwanza kupata akili: aliwaonyesha wazee na binamu kidole mdomoni, wasitamke jina. Alianzisha wimbo mwingine, juu kabisa, na wengine wakamfuata. Baba alifika kwenye nguzo yake, akavuta kiti, akaweka kiganja cha kushoto kwenye chuma. Nilikuwa najiandaa kwenda kumwondoa taratibu, kama mtu anayempeleka mzee msalani, gari kubwa liliposimama mlangoni. Patron mwenyewe. Alikuwa amekuja kutoa pole, kwa maneno yake, na kujua maziko ni lini.

Alisimama mbele ya picha kwa heshima kamili. Kisha akaanza kuzunguka duara la wanaume akipeana mikono, kapita nyuma yake na sahani yake ya bugali. Nilihesabu viti vilivyobaki kabla ya baba na nikashindwa kuendelea kuhesabu.

"Pole, muzee," patron alimwambia baba. "Marehemu alikuwa nani yako?"

Baba aliona midomo inacheza. Alidhani ameulizwa kile ambacho amekuwa akitamani kuulizwa maisha yake yote.

"Ndiyo!" alisema, na sauti ikapaa mpaka darini. "Nilifanyaka hapa! Hizi riveti zote za ndani, ni mie!"

Hakuna aliyelia. Hata watoto migongoni walinyamaza. Patron aligeuka.

"Anasema nini?"

Kapita aliitazama picha. Kwenye picha baba ameshika mpini wa nyundo kwa mkono wa kushoto, na pengo la kidole linaonekana vizuri. Kisha aliutazama mkono uliokuwa juu ya nguzo. Nilimwona akiona. Akanigeukia mimi, na sikuwa na uso wa kumwonyesha isipokuwa huu nilio nao.

"Ni muzee walifanya pamoja na marehemu, patron," kapita alisema. "Haisikiake. Bale ba riveti, masikio yabo ni vile."

Patron alivuta pumzi kwa pua. "Kesho asubuhi hii moto inazimwa," alisema, "ama mie njo nitaizima." Akaondoka.

Kapita alisubiri gari lipotee. Alinijia polepole, akasema kwa sauti ya chini sana.

"Maman, mie nakula bugali ya hii kilio tangu Vendredi. Kama haina maiti, nilikula nini?"

Hakuwa anatania, alikuwa ameumia, na nilitaka ardhi inimeze. Aliiweka sahani chini, bado ina chakula, akarudi kukaa na watu wake. Sikulala, si kwa ajili ya moto, kwa ajili ya swali lile.

Jumatatu mvua ikanyesha. Ilinyesha ile mvua yetu inayoteremsha udongo kutoka milimani na kufunga njia, na tume haikuja. Baba alikataa katakata kubaki nyumbani. Alikaa kwenye nguzo yake akitazama mlango. Baba mdogo naye alishuka, lakini alisimama nje, kwenye mvua, chini ya kipande cha plastiki, ili watu wote waone kwamba hayumo.

Patron alifika na dumu la maji. Alilibeba yeye mwenyewe, viatu vyake vizuri vikizama matopeni, akaelekea kwenye moto. Kapita alisimama, akaweka mwili wake mrefu katikati.

"Patron, moto ya kilio haizimwake na mutu wa inje."

"Kilio gani? Iko wapi maiti?"

Kapita hakugeuka kumtazama baba. Alisema tu, "Moto ingali, patron."

"Basi wewe kazi iliisha. Wengine, simameni!"

Wakasimama, kwa shingo upande, kwa sababu nao wana watoto. Moto waliuzunguka, hakuna aliyeugusa, hata patron mwenyewe aliliacha dumu lake pale. Walikwenda nguzo ya mwisho, upande wa ziwa, na mmoja wao akainua nyundo kubwa na kupiga kichwa cha riveti. Mimi nilisikia kwa masikio. Baba alisikia kwa mkono. Mwili wake wote ulishtuka kitini. Nyundo ikapiga tena, kichwa cha riveti kikaruka, kikalia kwenye sakafu. Ikapiga nyingine. Nilikimbia nikasimama mbele ya nguzo ile, michoro yangu mikononi kama mjinga, nikipiga kelele maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa na ambayo wanafunzi wangu hawajui kama nayajua. Mwenye nyundo aliisimamisha hewani. Maman Prezida alikuja akasimama kando yangu, kisha mwingine, kisha wote, wakinuka samaki na moshi, wamebanana. Patron alikuwa anasema "piga, piga", na yule mtu alikuwa anamtazama yeye, anatutazama sisi, mikono inamchoka.

Ndipo gari la tume likaja, limepakwa matope mpaka madirishani.

Walishuka wamelowa. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti. Aliona moto, mikeka, picha, akasema poleni, akasaini jina lake kwenye kila ukurasa wa michoro yangu baada ya kuilinganisha na nguzo. Aliokota kichwa cha riveti sakafuni, akakigeuza kiganjani, akamwuliza patron nani ameruhusu kazi ianze. Patron akatoa karatasi zake. Naye akatoa yake, akaibandika juu ya msalaba mwekundu: kazi imesimamishwa hadi uamuzi. Muhuri ulikuwa umelowa, lakini ulisomeka.

Ikabaki kuzima moto. Nilitoka nje kwa baba mdogo, nikapiga goti matopeni, nikamwomba aje amwage maji, maana ndiye mkubwa baada ya baba. Alisema hawezi kufunga kilio ambacho hakikufunguliwa, na kwamba nisimwite tena kwa mchezo. Basi baba akainuka mwenyewe. Alichota maji ziwani kwa beseni la sambaza, akamwaga juu ya moto wa kilio chake, moshi ukamfunika mpaka kifuani. Bandari nzima ikacheka, ikapiga makofi. Nilicheka pia. Nilipogeuka nimwonyeshe baba mdogo, alikuwa tayari anapanda njia ya Walungu, dumu la kasiksi begani, zito kama alivyokuja nalo.

Hangari imesimama hadi leo. Kesi haijaisha, paa linavuja, msalaba unaonekana chini ya chokaa ukiutafuta. Lakini wauza sambaza wamo, wanafunzi wangu hushuka kuchora nguzo, na ile nguzo ya upande wa ziwa ina matundu mawili matupu ambayo huwa nawaambia wayachore kama yalivyo. Kapita hakupata tena kazi kwa patron. Nasikia anachimba misingi ya nyumba huko kwao Kasha.

Baba alifariki msimu wa mvua uliofuata, hospitalini, kwa kifua. Alikuwa na mkono wake kwenye chuma cha kitanda. Hangari ilibaki nyuma yake, kama alivyotaka, na nilijua pa kumfanyia kilio bila kuuliza mtu.

Nilishika simu. Binamu wa Kabare aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Mara hii munalinda nyumba gani?" Wa parokia alisema atakuja kuangalia. Wazee wenzake baba walisema eeh, eeh, wakakata. Niliwaapia kwa Mungu, kwa mama yangu aliye kaburini, na kadiri nilivyoapa ndivyo sauti yangu mwenyewe ilivyosikika kama ya Maman Prezida nyuma ya winchi. Kwa baba mdogo nilipiga mpaka simu ikaacha kuita.

Wanawake wa bandari walikuja wote. Viti vya wanaume vilibaki vitupu kuzunguka moto, vimepangwa vizuri. Mchana wa kwanza akaja mtu mrefu mkavu kwa miguu kutoka Kasha. Alienda moja kwa moja kwenye jeneza, akatazama ndani, kisha akaja akakaa, peke yake kati ya viti vyote vile. Tulipomletea bugali alikula yote.

Tulimzika baba. Siku ya kuzima moto ilifika na mkubwa wa familia hakuwepo. Nilipiga simu mara ya mwisho, na mara hii baba mdogo alipokea. Nilimwambia tunamngoja, moto unamngoja yeye. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwanangu," alisema, "moto ya kilio yake alishaizima yee mwenyewe."

Akakata simu. Kapita alikuwa ameshateremka ziwani. Alirudi na beseni la maji, akaliweka mbele ya miguu yangu, akavua kofia, akasogea nyuma. Wanawake walinitazama, mimi mtoto, mwanamke, nisiyestahili. Niliinama nikalinyanyua, nikamwaga.